Kumwondolea mtoto mwenye usonji ngano na maziwa: jinsi ya kujaribu bila kumdhuru

Maswali ya wazazi ni yaleyale. Ugali una gluteni? Maziwa ya mbuzi je, si ni mepesi? Na unga wa lishe anaokunywa kila asubuhi, nao niuache? Halafu kuna lile linaloulizwa mwisho kabisa, mtu akiwa ameshaaga na mkono uko kwenye kitasa: nikimwachisha ngano na maziwa, ataongea?

Nianze na hilo. Hakuna awezaye kukuahidi, na ukikutana na anayeahidi, mtazame mkononi, kuna kitu anauza. Mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliwaelekeza madaktari wasitumie mlo wa kuondoa gluteni (protini ya ngano) au kaseini (protini ya maziwa) kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilichapisha matokeo ya watoto 14 waliowekwa kwenye mlo huo, kisha wakawa wanapewa vitafunwa vyenye ngano au maziwa bila wazazi wala watafiti kujua siku ipi kimewekwa nini. Usingizi, choo na tabia havikubadilika.

Basi mwongozo wa nini? Kwanza, kwa sababu wengi wenu mtajaribu hata tukisema nini, na ni afadhali mjaribu vizuri. Pili, wapo watoto ambao shida yao ya tumbo ni ya kweli na haijawahi kuangaliwa. Mtoto asiyeongea hawezi kusema tumbo linamsokota. Atajigonga kichwa ukutani, ataamka saa nane usiku, na sisi tutasema ni usonji. Chakula kinachomsumbua kikiondoka, maumivu yanaondoka na utulivu unarudi. Usonji unabaki palepale, ila mtoto hana maumivu.

Nadharia ni hii tu: gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai (rye). Kaseini ni protini ya maziwa, ya mnyama yeyote yule. Laktosi ni kitu kingine kabisa, ni sukari ya maziwa, na watu wazima wengi wa huku kwetu hawaimudu vizuri. Tofauti hiyo itakuja kukusaidia kwenye hatua ya mwisho.

Asianze nani

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiguswe, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto aliye kwenye matibabu ya utapiamlo asianze kabisa: ile pakiti ya chakula dawa anayopewa kliniki imetengenezwa kwa karanga na unga wa maziwa, na ndiyo inayomponya. Mtoto ambaye uzito wake umesimama au unashuka, kwanza uzito. Na yule ambaye vyakula vyake vyote vinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na vitatu kati ya hivyo ni mkate, biskuti na maziwa, usimwondolee chochote nyumbani peke yako. Huyo anahitaji mtu wa lishe awe pembeni, maana ukivitoa hivyo hakibaki kitu, na hatakula kingine eti kwa sababu ana njaa. Usemi wa "njaa ikimuuma atakula" haufanyi kazi kwa watoto hawa.

Andaa vitu hivi kabla

- Daftari na kalamu vinavyokaa jikoni. Siyo simu, simu ina watu wengi ndani yake.
- Kadi ya kliniki, na mahali pa kumpima uzito na urefu kila mwezi.
- Mtu wa lishe. Tanzania, halmashauri zina maafisa lishe. Kenya, uliza hospitali ya kaunti. Mwambie unataka kujaribu nini na kwa muda gani.
- Sufuria, kikaango, mwiko na chombo cha kuhifadhia unga vya mtoto peke yake.
- Unga wa mchele, wa ulezi, wa mtama na wa muhogo, kiasi kidogo kidogo cha kila mmoja.
- Chanzo cha kalsiamu kitakachochukua nafasi ya maziwa. Kama hujakipata, bado hujawa tayari.
- Makubaliano na watu wote wa nyumbani.
- Tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, zote zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hiyo ya mwisho watu huidharau. Mlo usio na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa kifungo: miaka inapita, mtoto hali chapati ya sikukuu na hakuna anayekumbuka kama ilisaidia.

Hatua ya 1: Mpime seliaki akiwa bado anakula ngano

Karibu kila mtu huiruka hatua hii. Seliaki ni ugonjwa ambao gluteni ikiingia, kinga ya mwili inaushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Kipimo chake cha damu kinatafuta kingamwili, na kingamwili hizo hupungua mtu akiacha ngano. Ukiondoa ngano leo ukaenda kupima baada ya miezi miwili, jibu linaweza kuwa hana kumbe anao, na ili kujua ukweli itabidi umlishe tena ngano kwa wiki kadhaa. Umtese mara mbili ya nini?

Mwombe daktari kipimo hicho, kinaitwa tTG-IgA, pamoja na kiwango cha jumla cha IgA, ambayo ni aina ya kingamwili. Si kila hospitali inacho, ila maabara kubwa za mijini huwa zinacho au hupeleka sampuli kwingine. Damu ikitolewa, omba waangalie pia wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, na umpime minyoo. Mweleze daktari habari za choo bila haya: mara ngapi kwa wiki, kigumu au laini, analia akienda? Kufunga choo peke yake kunaharibu usingizi, hamu ya kula na tabia, na dawa yake haihusiani na ngano.

Akikutwa na seliaki, mwongozo huu si wako tena. Yeye ataacha gluteni maisha yake yote, chini ya daktari.

Hatua ya 2: Andika anachokula kwa siku saba, bila kubadili chochote

Andika kilichoingia mdomoni, siyo kilichowekwa kwenye sahani. Ukurasa mzuri unafanana na huu:

Jumatatu, saa 1 asubuhi: chai ya maziwa vikombe 2, andazi 1 (kala juu tu, chini kaacha). Saa 4 shuleni: uji, hajamaliza. Saa 8: wali mkavu, mchuzi kakataa, biskuti 6. Saa 12: maziwa kikombe 1. Saa 2 usiku: chipsi, maziwa kikombe 1.

Angalia ukurasa huo unavyosema. Vikombe vinne vya kitu chenye maziwa kwa siku, na jioni anashiba maziwa badala ya chakula. Mtoto anayekunywa maziwa kupita nusu lita kwa siku yuko karibu zaidi na kupungukiwa damu na kufunga choo, kwa sababu maziwa yana chuma kidogo mno na yanamwondolea nafasi ya chakula kingine. Wapo ambao shida yao huishia hapahapa, kwa kupunguza maziwa tu.

Andika pia umbo: kikavu au chenye mchuzi, cha moto au kilichopoa, rangi gani, kakishika kwa mkono au kijiko. Utahitaji taarifa hiyo kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chagua mambo matatu ya kuhesabu

"Ametulia" haihesabiki. "Ameamka mara tatu usiku" inahesabika. Vivyo hivyo siku alizopata choo, mara alizojipiga au kujing'ata, dakika alizokaa mezani. Chagua matatu, yaandike kila siku kwa wiki mbili kabla ya kuondoa chakula chochote, ili uwe na cha kulinganisha.

Halafu mwombe mwalimu, au mtu mwingine anayekaa naye, ahesabu mojawapo ya hayo bila kumwambia ni lini mlo unaanza. Macho ya mzazi yana matumaini, na matumaini huona mabadiliko siku ya tatu.

Onyo: usianze kitu kingine kipya wakati huohuo. Usibadili dawa, shule wala mtaalamu wa kuongea katika kipindi hiki kama unaweza kuepuka. Ukibadili vitatu kwa pamoja na mtoto akaendelea vizuri, utashukuru kipi?

Hatua ya 4: Pitia jiko lako

Hapa kuna habari njema, na ndipo watu wanapopoteza hela bure kwenye supamaketi wakitafuta pakiti za nje zilizoandikwa gluten free. Vyakula vyetu vingi havina gluteni tangu enzi za mababu. Ugali wa mahindi, mtama au muhogo, wali, ndizi za kila aina, viazi vitamu na mviringo, magimbi, makande, maharage, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, nyama, samaki, mayai, mboga na matunda: vyote ruksa. Futari ya muhogo na magimbi kwa nazi ni chakula kamili cha mlo huu. Hata vitumbua na mkate wa kumimina, ukipika kwa mchele mtupu na tui, havina ngano wala maziwa.

Vya kuondoa wazi ni mkate, chapati, maandazi, mahamri, kaimati, visheti, sambusa, keki, biskuti, tambi zote, semolina na Weetabix. Upande wa maziwa ni maziwa mabichi na ya unga, mtindi na mala, jibini, siagi, samli, aiskrimu na chokoleti ya maziwa. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana kaseini pia, hivyo kuhamia huko ni kujidanganya.

Vinavyojificha ndivyo vinavyoharibu jaribio:

Unga wa lishe. Mchanganyiko mwingi unaouzwa mtaani na madukani una ngano ndani, mwingine una maziwa ya unga. Kama huwezi kupata orodha ya vilivyomo, changanya wako.

Mashine ya kusaga. Mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani itakuchanganyia kwenye ulezi wako. Nenda asubuhi kabla hawajaanza, au omba wapitishe kwanza mahindi kidogo ambayo hutayatumia kwa mtoto.

Vinywaji vya kimea kama Milo vina shayiri na maziwa kwa pamoja. Kimea cha ulezi unachotengeneza mwenyewe nyumbani hakina gluteni wala maziwa, na kinalainisha uji mzito vizuri sana.

Vikolezo vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge, sosi ya soya, soseji na nyama za kopo: soma. Biriani hulowekwa kwenye mtindi. Urojo mara nyingi hukolezwa kwa unga wa ngano. Bokoboko ni ngano tupu na nyama. Bagia za dengu au kunde ni salama mpaka mpishi aongeze ngano ili zishikane. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa, hapana. Majarini nyingine ina maziwa, nyingine haina.

Kwenye pakiti maneno huwa ya Kiingereza, kwa hiyo yaandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati: wheat, barley, rye, malt, semolina, na kwa maziwa milk solids, whey, casein, caseinate, butter, ghee. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, ila nyingi huchanganyika nayo shambani na kiwandani. Ziache katika kipindi hiki.

Na ule udongo wa kuchezea wa rangi rangi wa shuleni? Mwingi umetengenezwa kwa unga wa ngano. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, hicho nacho ni chakula.

Hatua ya 5: Mzoeshe mbadala kabla ya kuondoa cha zamani

Tumia daftari. Kama anapenda kitu kikavu cha kushika mkononi, usimletee uji. Anayekula andazi kwa sababu ni laini na tamu anaweza kukubali kitumbua. Anayekula biskuti kwa mlio wake atafutiwe kinacholia: ndizi mbichi au mihogo iliyokatwa nyembamba ikakaangwa, bisi, kashata ngumu ya karanga.

Vitumbua vya kuanzia: loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, mwaga maji, saga kwenye blenda pamoja na kikombe 1 cha tui zito, vijiko 4 vikubwa vya sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira na hiliki. Usage mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Funika, subiri mpaka uumuke na povu lijae juu, kama saa moja kukiwa na joto. Pasha chuma cha vitumbua, tia mafuta kidogo, mimina, geuza kingo zikiwa za kahawia. Ukitaka kutumia baking powder badala ya hamira soma kopo, nyingine huwekwa wanga wa ngano.

Weka kitumbua kimoja kidogo karibu na andazi lake. Usimwambie aonje. Usimshangilie akikigusa. Kesho tena. Watoto wengine huhitaji kukiona kitu mara nyingi kabla hawajakila, na hatua hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Iache ichukue. Ukishakuwa na mbadala anaokula bila kusukumwa wa asubuhi, wa saa nne na wa jioni, endelea.

Usimfiche. Ukimchanganyia dawa au unga mpya kwenye chakula anachokiamini akagundua, unaweza kukipoteza chakula hicho moja kwa moja.

Hatua ya 6: Ondoa maziwa kwanza, peke yake

Usiondoe vyote siku moja, hutajua kipi kilifanya nini. Anza na maziwa kwa sababu yanaondoka kirahisi zaidi. Punguza kidogo kidogo kwa siku kumi: kikombe kiwe robo tatu, kiwe nusu, mpaka kiishe. Kisha kaa wiki nne bila maziwa kabisa.

Sasa kalsiamu. Miongozo ya Marekani inasema mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 700 kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 miligramu 1,000, na kuanzia 9 miligramu 1,300. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Ulezi unasifiwa, na kwa haki: gramu 100 za unga zina kama miligramu 340. Lakini bakuli la uji lina unga gramu 40 hivi, yaani miligramu 130 au zaidi kidogo, na si yote inayofyonzwa. Kuloweka au kuchachusha unga kunasaidia. Ulezi peke yake hautoshi.

Ongeza dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao. Waoshe, waanike, wakaange bila mafuta, uwasage wawe unga, uchanganye kwenye mboga au ugali kwa uwazi. Ufuta uliosagwa pia. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha hapa, maana mchicha una kitu kinachoizuia kalsiamu yake isifyonzwe. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu ndiyo yanayokaribia zaidi maziwa ya ng'ombe. Tikisa pakiti, kalsiamu hukaa chini. Tui la nazi ni tamu na lina nguvu, ila halina protini wala kalsiamu ya kutosha kuitwa mbadala. Kama hesabu bado haifiki, mtu wa lishe atakuandikia vidonge au dawa ya maji.

Sikutishi bure. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwapima mifupa wavulana wenye usonji, na wale waliokuwa kwenye mlo usio na kaseini walikuwa na mifupa myembamba kuliko wenzao. Na mpeleke juani. Tuna jua la kumwaga, lakini watoto wetu hawa ndio wanaofungiwa ndani kwa kuogopa macho ya majirani.

Hatua ya 7: Ondoa ngano

Baada ya wiki nne, chagua Jumamosi uondoe ngano yote kwa siku moja. Kama mbadala zimeshazoeleka hatashtuka sana. Vitu vya ngano vitoke nyumbani au vikae mahali asipofika kabisa. Kumkataza biskuti anayoiona juu ya kabati ni kutafuta vita.

Unga wa ngano wa viwandani huku kwetu huongezwa chuma, zinki na foliki kwa mujibu wa sheria. Ukiuondoa, na hivyo navyo vinaondoka. Kwa hiyo kwa ugali nunua unga wa mahindi wenye alama ya kuongezwa virutubishi, siyo wa mashine ya mtaani tu.

Onyo lingine: usimhamishie kwenye nafaka moja. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mtoto anayekula mahindi kutwa mara tatu anaibeba zaidi. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sianidi. Zungusha: leo mchele, kesho ndizi, keshokutwa mtama.

Hatua ya 8: Wape wanaomlisha kazi, siyo katazo

Jaribio linafia kwa bibi, shuleni, au mikononi mwa dada wa nyumbani ambaye hakuambiwa sababu. Kwa bibi, katazo litasikika kama dharau. Jaribu hivi: "Mama, shikamoo. Daktari ametupa kazi ya miezi mitatu kuhusu tumbo la mjukuu wako. Asile ngano wala maziwa mpaka tumalize. Akija kwako mpikie zile ndizi zako za nazi, ndizo anazozililia." Bibi mwenye kazi atamlinda kuliko wewe.

Shuleni peleka chupa ya uji wake na kitafunwa chake, na kadi fupi yenye jina, vyakula asivyokula na namba yako, umpe anayesimamia chakula, siyo yule anayekuhesabia. Kwenye harusi na maulidi mlishe kabla ya kutoka. Kama anajiandaa kwa komunyo ya kwanza, ongea na paroko mapema, hostia ni ngano.

Akila kipande cha mkate kwa bahati mbaya, andika kwenye daftari uendelee. Usimtapishe, usimpige, usianze kuhesabu upya.

Hatua ya 9: Kaa wiki kumi na mbili, na umpime

Uzito na urefu kila mwezi, daftari kila siku. Uzito ukishuka, au usipopanda kwa miezi miwili mfululizo, simamisha, rudisha chakula, nenda kliniki. Hakuna jaribio linalostahili kilo za mtoto.

Hatua ya 10: Rudisha

Wengi hawafiki hapa, kwa woga. Lakini bila kurudisha hujajua chochote, maana watoto hubadilika wenyewe wakikua, na wiki kumi na mbili ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka minne. Kama amewahi kuvimba, kutapika ghafla au kubanwa pumzi baada ya maziwa au ngano, usirudishe nyumbani. Fanya mbele ya daktari.

Anza na mtindi, wiki moja. Halafu maziwa, wiki moja. Mtindi una laktosi kidogo, kaseini ileile. Akiumudu mtindi na maziwa yakamvuruga tumbo, tatizo lake huenda ni laktosi tu, na huna sababu ya kumnyima mtindi tena. Kisha ngano, kila siku kwa wiki mbili. Anayekuhesabia asijue. Linganisha hesabu zako tatu: kabla, wakati na baada. Hesabu zikirudi kuwa mbaya chakula kimoja kiliporudi, kiondoe hicho kimoja na umwone mtu wa lishe kuhusu muda mrefu. Zisipobadilika, mrudishie chakula chake.

Ukikwama

*Amekataa kila kitu.* Siku moja ya kula kidogo si dharura. Asipokunywa kabisa, au asipokula karibu chochote kwa siku mbili, rudisha anachokula na urudi hatua ya 5.

*Wiki ya kwanza amekuwa mkali zaidi.* Utaambiwa ni "sumu zinatoka". Mara nyingi ni njaa, au hasira ya kunyang'anywa alichozoea. Ongeza chakula kwanza.

*Choo kimekuwa kigumu.* Wali mweupe na ndizi mbichi kutwa nzima vitafanya hivyo. Ongeza papai, maharage, mtama na maji.

*Anaiba mkate kwa ndugu zake.* Nyumba nzima ile mlo mmoja jioni, na ndugu wale mkate wao shuleni. Usimtenge kwa sahani yake peke yake kwenye kona.

*Anakula udongo, mkaa au chokaa ya ukutani.* Mpime damu wiki hiyohiyo. Upungufu wa chuma huambatana sana na jambo hili.

*Gharama zimenishinda.* Angalia unanunua nini. Kama ni pakiti za nje, acha. Ukibaki kwenye unga wa nyumbani, dagaa na kunde, gharama kubwa inayobaki ni maziwa ya soya.

*Nimeambiwa niongeze na dawa za kusafisha mwili.* Hapana. Dawa za "kuondoa madini mazito" zimewahi kuua. Maji ya klorini dioksaidi yanayouzwa kama tiba ya usonji ni kemikali ya viwandani ya kung'arishia nguo na karatasi, mtoto asinyweshwe wala asiingiziwe kwa njia ya haja kubwa. Kama ameshapewa, mpeleke hospitali sasa hivi, na uibebe chupa yenyewe.